Kinyozi na Uvimbe wa Shingo

Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja ndevu. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Wembe ulipita kooni taratibu, kisha akaufuta kwa kitambaa. Alipoinama, mteja akamtazama kutoka chini.

"Fundi, umemeza yai zima?"

"Yai gani?"

"Hilo hapo shingoni. Ukimeza mate linapanda na kushuka."

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Kinyozi naye akacheka, akageukia kioo. Alikitazama kioo hicho kutwa, lakini alichoona ni vichwa vya watu. Akameza mate. Uvimbe mdogo wa mviringo ukapanda, ukashuka. Kicheko kikamwisha.

Jioni mkewe aliugusa kwa kidole.

"Unauma?"

"Hauumi. Kisichouma si ugonjwa, mama watoto."

"Mchwa naye hapigi kelele, na nyumba anaila. Kesho hospitali."

Hospitali walimpima damu. Majibu yalikuwa mazuri. Daktari akamwandikia pia kipimo cha ultrasaundi, yaani picha ya ndani ya shingo. Kinyozi alisikia habari ya damu tu.

"Damu safi!" aliwatangazia wateja. Kuanzia siku hiyo alivaa shati la kola na kufunga kifungo cha juu, hata wakati wa joto.

Mkewe hakubishana naye. Alimwita jirani yao, ambaye ni muuguzi.

"Shemeji, picha umepiga lini?" muuguzi aliuliza kabla hajakaa.

"Ya nini? Damu imeshasema."

"Damu imesema tezi ya shingo, yenye uvimbe huo, inafanya kazi vizuri. Haijasema uvimbe ni wa aina gani. Hata mwenye saratani ya tezi anaweza kupata majibu ya damu kama yako."

Kinyozi akashika kifungo cha kola yake.

"Picha itaonyesha ukubwa wa uvimbe," muuguzi aliendelea. "Itaonyesha kama una maji au ni mgumu, na kingo zake zikoje. Daktari akitilia shaka, atachoma sindano nyembamba na kutoa chembe chache zikapimwe. Uvimbe mwingi wa hivi si saratani. Lakini kwa macho hatuwezi kujua."

"Mimi nanyoa makoo ya watu kila siku," kinyozi alisema. "Najua ngozi ya hapa ilivyo laini. Sitaki mtu aniguse."

"Wateja wanakupa makoo yao na hata jina la baba yako hawalijui," mkewe alimjibu. "Wewe unamkimbia daktari aliyesomea?"

Wiki hiyo walikwenda.

Mpiga picha alimpaka mafuta ya baridi shingoni, akapitisha kifaa kidogo juu yake. Hakukuwa na maumivu. Lakini upande mmoja wa uvimbe kingo hazikuonekana vizuri, kwa hiyo daktari akaamua kutumia sindano. Kinyozi alifumba macho na kuubana mkono wa mkewe.

"Tayari," daktari akasema.

"Tayari? Mbu wa kwetu anauma zaidi!"

Kusubiri majibu ndiko kulikomtesa. Alimkata mteja kidevuni, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Akaomba radhi, akafunga duka mapema.

Siku ya majibu daktari hakuzungusha maneno. "Si saratani. Hatutautoa. Utarudi baada ya mwaka mmoja tupige picha tena, tuone kama umekua. Ila ukikua haraka, au sauti ikikwaruza, au ukipata shida kumeza, usingoje tarehe. Njoo mara moja."

"Nitakuja, daktari. Wala sitavutwa."

Walitoka, wakashika njia ya kwenye korido. Mkewe akamtazama usoni.

"Unalia?"

"Ni jua tu."

"Jua gani? Bado tuko ndani."