Aliyesimama Bampani

Jumamosi hiyo Orrin Tveit aliamka, akachemsha kahawa, akanywa amesimama, akaosha kikombe kimoja. Nje, theluji ya kwanza ilikuwa imegusa vilele vya milima ya Bighorn, lakini mjini Buffalo, chini ya mlima, palikuwa pakavu na barabara ya kupanda ilikuwa bado wazi. Hiyo ndiyo siku aliyoingojea. Angelivuta trela mpaka mji wa Ten Sleep, ng'ambo ya mlima, amkabidhi shemeji yake Vernon, kisha arudi kwenye ua mtupu.

Lilikuwa trela la kulala: kitanda upande wa mbele, jiko katikati, meza nyuma. Yeye na mkewe Marlys walizunguka nalo kila kiangazi tangu wastaafu. Mwezi wa tano, kambini kando ya ziwa, Marlys alifia kwenye kile kitanda cha mbele. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Orrin alilala ubavuni mwake mpaka kulipokucha. Usiku alimvutia blanketi begani, kwa sababu bega lilikuwa limepoa.

Tangu hapo hakuhisi kitu. Majirani walileta bakuli za viazi na nyama ya kuoka. Alikula, akarudisha bakuli zikiwa safi. Aliyangoja machozi kama mtu anayengoja barua kwenye nyumba aliyokwisha kuhama.

Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu. Kila alfajiri, trela lile lililoegeshwa uani lilitoa sauti. Ngazi yake ya bati ilibonyea, ikarudi, kama inavyofanya mtu akishuka. Kisha kimya. Mara ya kwanza alijiambia ni baridi inayokunja chuma. Baadaye hakujiambia kitu. Alitaka tu liondoke.

"Ngoja wiki ijayo nije na lori langu la dizeli," Vernon alimwambia kwenye simu.

"Nakuja leo."

"Na nini? Na hicho kitoroli chako cha petroli?"

"Kinavuta. Kitabu chake kinasema kinavuta."

"Kitabu kinasema kuvuta, shemeji. Hakisemi kusimamisha. Kupanda hata mbuzi anapanda. Mimi nakuuliza habari ya kushuka."

"Nitashuka polepole."

"Hiyo si pikapu, ni kikapu cha kwendea kanisani. Dada yangu angekuona angecheka mpaka akae chini."

Upande wa pili Vernon akakohoa.

"Haya. Mizigo mizito mbele, unasikia? Mbele ya magurudumu, trela lisiyumbe."

"Najua, Vernon."

Alijua. Kila mtu anayeishi chini ya milima ile anajua. Marlys na kaka yake walikulia kwenye ng'ombe na malori ya dizeli, na kwao pikapu ya nusu tani ilikuwa kitu cha kubebea maziwa na magazeti. Marlys alikuwa na dizeli yake mwenyewe, pana, yenye matairi mawili mawili nyuma. Ndiyo iliyovuta trela miaka yote, na dereva alikuwa yeye. Aliteremka milima mguu ukiwa mbali na breki, breki ya ekzosi, ile inayoifanya injini yenyewe ishike mwendo, ikinguruma, huku akimenya chungwa. Orrin aliiuza mwezi wa saba kwa muuza majani ya ng'ombe kutoka mji wa Gillette. Kabla ya hapo, kila alipoiwasha, ule mngurumo ulimfanya ageuke kutazama nani anarudi nyumbani. Alibaki na pikapu yake ndogo, ambayo ilikuwa na kimya chake.

Sasa akapakia vitu vya Marlys ambavyo Vernon aliomba avitunze: cherehani, mitungi ya pichi alizohifadhi mwenyewe, na masanduku ya vipande vya miti iliyogeuka mawe alivyookota jangwani kwa miaka mingi. Vilikuwa vizito kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Vilitakiwa kukaa mbele, juu na kando ya kitanda. Orrin alisimama mlangoni na sanduku la kwanza mikononi, akatazama kile kitanda. Kisha akageuka akaliweka nyuma, chini ya meza. Na la pili. Na yote. Hakuwa amesahau. Alishindwa tu kupiga magoti pale.

Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni.

Kufunga trela kwenye gari ni kazi ya watu wawili, ingawa mmoja anaweza. Mkono wa trela una kikombe cha chuma, na kikombe hicho hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Mara nyingi kikombe hukwama, hakitaki kushuka chote. Marlys alikuwa na dawa yake. Alipanda kwenye bampa ya nyuma, akashika mlango wa bodi, akaruka mara mbili kwa uzito wake wote. Springi zilishuka, zikapanda, zikashuka, kikombe kikaingia. Ndipo aliposema, "Imekaa, mzee," na kurukia chini.

Asubuhi hiyo kikombe kilikwama. Orrin alilegeza jeki, akatikisa, akapiga kwa kisigino. Hakikushuka. Akainama kuchukua nyundo kwenye sanduku la vifaa.

Nyuma ya pikapu ikashuka.

Ikapanda. Ikashuka tena.

Kikombe kikalia ka.

Orrin alibaki ameinama, nyundo mkononi. Hakukuwa na upepo. Uani hapakuwa na mtu. Alingoja hofu ije. Haikuja. Akachomeka pini, akafunga minyororo, akaunganisha waya wa taa. Alipoinuka aliona kwamba nyuma ya pikapu imekaa chini sana. Kwa jinsi alivyopakia, ingetakiwa kuinuka, kwa kuwa mzigo ulikuwa mkiani mwa trela.

Aliona. Akaingia, akawasha injini.

Kupanda kulikuwa kama Vernon alivyosema. Injini ya petroli ililia njia nzima, ikibadilisha gia juu na chini kama mtu asiyejua aweke wapi mikono yake. Mshale wa kipimo cha joto ulipanda. Dizeli moja iliyovuta trela la farasi ilimpita bila kelele, na dereva, mzee mwenye kofia pana, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu. Orrin akainua chake.

Karibu na kilele barabara ilikuwa ikitengenezwa. Binti mmoja mwenye koti la kung'aa alishika kibao cha kusimamisha magari. Orrin alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akashusha kioo. Hewa ilinuka lami na misonobari.

"Dakika chache tu, baba," alisema yule binti. Alitazama nyuma, kwenye trela, kisha akamsogelea na kuongea chini chini. "Hairuhusiwi mtu kukaa humo likiwa linavutwa. Mimi sisemi kitu. Lakini wenzangu wa chini watasema."

"Hakuna mtu."

Binti alitazama tena. Uso wake haukubadilika, lakini alirudi hatua moja.

"Sawa," alisema. "Basi mwambie afunge pazia."

Akageuza kibao.

Mteremko wa Ten Sleep huanza kwa upole. Barabara hupita kwenye nyasi, unaona mbali, unajiona dereva. Kisha jabali hufunguka upande mmoja na korongo hubaki upande wa pili, na barabara hujikunja ukutani. Orrin aliweka gia ya chini. Injini ikapiga kelele. Dizeli ingeushika ule uzito shingoni na kuuteremsha. Hii ndogo ilipiga kelele tu, na mwendo ukazidi.

Akakanyaga breki, akaachia. Akakanyaga, akaachia. Harufu ikaingia, ile ya kitu kinachoungua polepole.

Kona ya kwanza ilipita.

Baada ya kona ya pili trela likatikisa mkia. Kidogo tu. Kwenye kioo cha kushoto aliona ubavu wake ukijitokeza, ukarudi, ukajitokeza kulia. Mzigo ulikuwa nyuma, mahali alipouweka. Trela likavuta pikapu kushoto. Likavuta kulia. Kila mvuto ulizidi uliopita.

Aliminya swichi ya breki za trela chini ya usukani. Hakuna. Zilikuwa zimechoka kwa joto.

Kushoto. Matairi yakagusa changarawe ya ukingoni. Chini yake palikuwa na hewa, na chini ya hewa mto mwembamba.

Kulia.

Aliwaza kwamba atakufa, na wazo lilikuja wazi na bila uzito, kama habari ya mtu wa mji mwingine. Mikono yake ilishika usukani. Mikono ilitaka kuishi. Yeye alikuwa akiitazama.

Ndipo alipohisi hatua.

Hakuisikia. Aliihisi kwenye kiti, mgongoni, kupitia chuma. Kitu kilikanyaga sakafu ya trela, nyuma kabisa. Kikakanyaga tena, karibu zaidi. Hatua nzito, za mtu aliyebeba mzigo. Kwa kila hatua nyuma ya pikapu ilishuka kidogo. Kila iliposhuka, trela lilitulia kidogo. Hatua zikarudi nyuma. Zikaja tena. Zikarudi. Zikaja.

Mtu alikuwa akihamisha masanduku.

Pua ya pikapu iliinuka. Mkia wa trela ukanyooka. Barabara ikawa moja tena.

Kwenye kioo cha kati Orrin aliona dirisha la mbele la trela, lile la juu ya kitanda. Pazia lilikuwa wazi. Nyuma yake palikuwa na ncha ya mto wa kulalia na giza la kawaida la chumba.

Hatua ya mwisho ikasita. Ikageuka, kama ya mtu anayetaka kurudi nyuma. Trela likatikisika mara moja.

"Marlys," alisema Orrin kwa sauti ile ile aliyoitumia kuomba chumvi. "Usiondoke. Kaa."

Uzito ukakaa.

Vernon alikuwa amesimama kwenye lango la shamba lake, dizeli yake ikinguruma uani bila sababu, kama kawaida yake. Alikuwa mtu mnene wa mashavu mekundu. Alinusa hewa kabla hata Orrin hajashuka.

"Umechoma breki."

"Nimechoma."

"Nilikuambia. Ona moshi huo, unaweza kuoka mkate hapo." Kisha akamtazama usoni, akaacha mzaha. "Upo sawa, shemeji?"

"Nipo."

Orrin alifungua mlango wa trela kwa ufunguo wa mfukoni mwake. Vernon aliingia kwanza. Chini ya meza hapakuwa na kitu. Masanduku yote yalikuwa mbele, juu ya kitanda na kandoni, mazito chini, mepesi juu. Mitungi ya pichi ilikuwa imetenganishwa kwa taulo zilizokunjwa mara tatu.

"Umepanga vizuri," alisema Vernon. "Nilidhani utatupia nyuma. Hata taulo umekunja kama yeye."

Orrin alikuwa akitazama katikati ya kitanda. Kati ya masanduku palikuwa na nafasi iliyoachwa makusudi, ndefu na nyembamba, kiasi cha mtu aliyelala ubavu. Blanketi lilikuwa limevutwa juu, mpaka mahali ambapo pangekuwa na bega.

Walitoka. Vernon akazungusha jeki, mkono wa trela ukainuka, kikombe kikaachia tufe. Orrin akasogeza pikapu mbele kidogo, akashuka. Kwa hiyo mambo yalikuwa yamekwisha. Trela lilikuwa la Vernon, na ua wa Buffalo ungekuwa mtupu. Alingoja ahisi wepesi.

Vernon alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikapu.

"Njoo uone," alisema.

Pikapu ilikuwa haina kitu bodini, haina kitu nyuma. Ilitakiwa kuinuka. Ilikuwa imekaa vile vile, mkia chini, pua juu. Vernon aliingiza mkono chini, akapapasa springi moja baada ya nyingine.

"Hazijakatika." Aliweka viganja chini ya bampa, akajaribu kuinua, kama mtu anavyojaribu mlango. Akaitoa mikono haraka. Akaifuta kwenye suruali. Alibaki amechuchumaa kwa muda, akitazama nafasi tupu juu ya bampa, kisha akanong'ona.

"Ulimwambia nini huko juu?"

"Nilimwambia akae."

Vernon aliinuka taratibu, akishika magoti yake mwenyewe. Akaenda kwenye dizeli yake, akaizima. Ilikuwa mara ya kwanza Orrin kusikia ua ule ukiwa kimya.

"Ile dizeli ya dada isingekuonyesha," alisema Vernon aliporudi. "Ungembeba miaka yote usijue. Hiki kidogo kinasema kila unachokipakia." Hakumtazama. "Lala hapa leo. Kuna supu ya swala."

"Nitarudi nyumbani."

"Basi panda polepole."

"Nitapanda polepole."

Ngazi ya bati haikulia tena alfajiri, kwa kuwa haikuwepo. Trela lipo Ten Sleep. Mchunga ng'ombe wa Vernon analala humo na hajawahi kulalamika. Fundi wa Buffalo aliivua pikapu springi zote, akazipima, akazirudisha, akakataa kupokea malipo. Bado imekaa pua juu. Watu wakipishana na Orrin njiani humuuliza amebeba nini, naye huwaambia hajabeba kitu. Kwenye kona hupunguza mwendo.

Bampa yake ina vumbi kama bampa zote za kule, isipokuwa sehemu mbili. Ni safi, ndogo, zimekaa sambamba, kila moja kiasi cha kiatu cha mwanamke, vidole vikielekea mbele. Mvua ikinyesha na tope likaruka, hujaa kote, si pale.

Asubuhi akiwa na safari, Orrin huingia, hufunga mlango, hutia ufunguo. Hawashi. Hungoja mikono ikiwa juu ya usukani, mpaka pikapu ishuke, ipande, ishuke tena.

Ndipo huondoka.