Mistari ya Maji Ukutani

Kila kitu kiliharibika Jumanne ya tarehe kumi na saba mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilipomaliza kupiga lipu ukuta wa mbele wa nyumba ya mchumba wangu, nikajiona mwanamume.

Tulikuwa tumejuana miezi mitano. Tulikutana soko la chini ya daraja, watu wamejaa mpaka huoni miguu yako. Mimi na ndoo ya chokaa, yeye na furushi la mashuka ya gesti kichwani, maana alikuwa dobi. Nikamgonga. Chokaa ikamrukia kwenye gauni lake la njano, lile la vifungo vyeupe.

"We kaka, hayo macho au mapambo?"

"Nisamehe, dada'angu. Nitalifua."

"Dobi afuliwe na fundi! Lete namba yako nikupigie nikutukane vizuri, saa hizi nina haraka."

Akapiga kweli. Alinitukana dakika mbili, tukacheka nusu saa.

Mtaa wao ulianzishwa na wafyatua matofali. Walichimba udongo kando ya mto, wakachoma matofali yaliyojenga mji mzima, hata ofisi ya halmashauri ambamo wakubwa wanakalia viti vya kuzunguka. Mto ulipofurika walipanda juu ya paa. Maji yakishuka, kila mwenye nyumba alichora mstari wa mkaa ukutani pale yalipofikia, akaandika mwaka. Nyumba ya mchumba wangu ilikuwa na mistari tisa, wa kwanza ulichorwa na bibi yake. Mimi nilitoka ng'ambo ya mji, hakuna aliyeniambia. Niliona uchafu tu.

Nikampigia simu akiwa mtoni. "Laazizi, njoo nyumbani uone zawadi."

Akaja mbiombio, mikono bado ina povu. Akautazama ukuta mweupe.

"Mistari iko wapi?"

"Mistari gani, mpenzi?"

"Ya maji."

"Ah, yale masizi? Nimekuondolea yote."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliingia ndani akafunga mlango, na kwa siku tisa simu yangu ikawa inaita bure.

Siku ya kumi akapiga mwenyewe. "Halmashauri wamekuja. Wanabomoa mtaa wote, wanataka kujenga bustani. Wenye mistari wanapewa kiwanja juu kilimani, eti ndiyo ushahidi wa kukaa muda mrefu."

"Na hati?"

"Hati walitupa lini hao?"

Nilikimbia na patasi na nyundo. Nikabandua lipu taratibu, kama mtu anayefungua kidonda, lakini mkaa ulikuwa umeshikana na chokaa, ukatoka nayo. Majirani walisimama upande wetu: "Tunazijua hizo alama, tumekua nazo!" Bwana mmoja wa halmashauri, mwenye tai, akakigeuza kipande nilichompa, kina nusu ya tarakimu.

"Kijana, hii ni lipu."

"Ni bibi yake!"

"Andika mvamizi," akamwambia mwenzake, akahamia nyumba ya pili.

Nilikaa kwenye vumbi nikisubiri mchumba wangu anifukuze. Alinitazama weee, halafu akacheka, machozi yanamtoka.

"Fundi wangu, lipu yako ina nguvu kweli. Haibanduki peke yake."

"Nifukuze tu."

"Nikufukuze uende wapi? Nioe basi, maana sina tena nyumba ya wewe kuniharibia."

Ndivyo nilivyoposwa. Tulihamia chumba cha kupanga juu kilimani, bomba linatoa upepo, na dobi bila maji ni nani? Akawa anateremka mtoni alfajiri na kupanda na furushi lililolowa, miaka kumi na tisa, mpaka kifua kikamkataa. Kila jioni nilimkanda mgongo, naye ananitania, "Piga lipu taratibu, baba." Hakunilaumu hata siku moja. Nami nawalaumu wale wa halmashauri, na nitawalaumu mpaka nifukiwe. Bustani hawakujenga. Pale mtoni pana bango la bustani, na majani yanayofika kiunoni.

Tulimzika Alhamisi. Jumatatu nikaenda kuandikisha kifo. Karani, binti mdogo, akajaza jina, umri, kazi. Akauliza alikozaliwa na kukulia. Nikamtajia mtaa wao wa mtoni. Akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena.

"Huo mtaa haupo, mzee."

"Si mliubomoa nyie!"

"Mimi sijabomoa, baba yangu. Naona tu haupo, wala haionyeshi kama uliwahi kuwepo."

Akamwita mkuu wake. Mkuu akampigia mkubwa wake, mkubwa akasema atarudisha simu. Huu mwezi wa nane, hajarudisha. Fomu ya mke wangu iko mezani kwao, mstari mmoja mtupu, na kila nikienda yule binti ananiuliza kwa upole, sitamsingizia:

"Sasa, mzee wangu, niandike mama alikuwa mtu wa wapi?"