Mkalimani wa Papa Gaston

Kila Jumamosi asubuhi Gaëlle alifuatana na baba yake mjini Johannesburg, Afrika Kusini, walikoishi. Papa Gaston, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alikuwa hodari wa kushona suti, lakini Kiingereza kilimpiga chenga. Kliniki, dukani, kwa mwenye nyumba wao wa mtaa wa Joubert Park, kote huko Gaëlle ndiye aliyetafsiri. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kusema kweli alipenda sana kuona watu wazima wakimngojea afungue kinywa.

Mwaka 2017 kazi ilipungua. Pitchou, rafiki wa Gaston aliyekuwa na karakana ya ushonaji huko Accra, nchini Ghana, alimwita ili amwajiri. Gaston alifurahi mno, hata akauza cherehani yake kabla ya kuuliza habari za viza. Ndivyo alivyokuwa, akipenda jambo, hana breki.

Wakati wa likizo wakaenda ofisi ya viza ya Ghana, Pretoria. Mama wa dirishani alieleza polepole kwa Kiingereza. Viza ya biashara ni ya mikutano na kutazama bidhaa tu. Anayetaka kuajiriwa, mwajiri wake wa kule amwombee kwanza kibali cha kazi, naye asubiri.

"Anasema nini?" Gaston aliuliza huku akitabasamu.

Gaëlle alikuwa ameelewa kila kitu. Akaikumbuka cherehani iliyokwisha kuuzwa, akautazama uso wa baba yake, akashindwa kumvunja moyo.

"Amesema ni sawa, papa. Hii ya biashara inatosha."

Gaston akamhakikishia Pitchou kwamba viza hiyo inaruhusu kazi, akasafiri. Alifanya kazi vizuri mpaka siku maofisa wa uhamiaji walipoingia karakanani na kumkuta akishona bila kibali. Pitchou akatozwa faini. Gaston akarudishwa Congo, nchi ya pasipoti yake, na ruhusa ya kuingia tena Afrika Kusini hakuwa nayo, kwani kibali chake cha kuishi huko kilikwisha muda akiwa Accra.

"Eish, Thérèse, nilikosea wapi?" alimwuliza mkewe kwa simu kutoka Lubumbashi. Sauti ilikuwa imemkauka. "Pitchou ananiita mwongo. Na yule mama wa viza nilimwuliza vizuri! Gaëlle alikuwepo, mwulize."

Gaëlle akapokea simu.

"Hukukosea, papa. Ni mimi. Alisema usifanye kazi na viza ile. Niliogopa kukuona ukihuzunika."

Gaston hakumgombeza. Alilia tu. Gaëlle hakuwahi kumsikia baba yake akilia, na moyo ulimuuma kupita fimbo yoyote.

Siku hiyohiyo Mama Thérèse alimpigia Pitchou akamweleza ukweli wote. Pitchou alifoka, kisha akapoa, akaanza kumwombea Gaston kibali kwa njia halali. Baada ya miezi mingi kibali kikatoka. Ndege ya kwenda Accra ingepitia Johannesburg.

"Waulize watu wa ndege," Gaston akamwambia binti yake kwa hamu, "kama naweza kutoka nje ya uwanja, hata kidogo tu, niwaone."

Gaëlle akauliza, kisha akampigia baba yake. Alijua kwamba neno moja tamu lingemfurahisha papa mpaka siku ya safari.

"Hapana, papa. Bila viza ya huku hutatoka. Hatutaonana."

Siku ya safari Gaston alikaa ndani ya uwanja wa ndege wa Johannesburg, karibu kabisa na nyumbani, akiongea na mkewe na binti yake kwa simu. Wote watatu walilia.

"Gaëlle," alisema kabla ya kuitwa kupanda, "jibu lako liliniuma, lakini sikuja hapa nikiwatafuta mlangoni. Ukinificha jambo baya, halipotei. Linaningojea mbele, nami nakwenda bila kujua. Niambie ukweli, mwanangu, hata kama nitalia. Kulia nitamaliza."