Greda Lililofufuka

Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, Lempi Saarela alikutana na maiti barabarani. Maiti yenyewe ilikuwa greda namba 14, lililokuwa mali ya Kaunti ya Tamarack, kaskazini mwa Michigan. Wiki mbili nyuma liliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola elfu nne tu, kwa kuwa tangazo lilisema injini imekwama na haitengenezeki. Sasa hilo hapo, linakwangua theluji mbele ya yadi ya mkandarasi Duane Kettler, mwenyewe akiwa kwenye usukani, tena kwa mbwembwe.

Lempi alifunga breki. Alikuwa fundi mitambo wa kaunti mwaka wa ishirini na sita huo, na injini ile aliifunga kwa mikono yake.

"Duane! Nani kakufufulia?"

"Betri mpya tu, mama. Mwenye bahati habahatishi."

"Tangazo lilisema injini imekwama!"

"Mimi nanunua, siandiki matangazo. Muulize aliyekagua." Kettler akacheka. "Kwani si wewe?"

Lempi alimpigia sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, papo hapo.

Saa tatu kamili walikuwa wanne kwenye ofisi ya yadi ya kaunti: Lempi; afande Bolduc aliyetumwa na sherifu; meneja wa barabara Garrett Pruitt, aliyehamia kutoka Florida mwezi wa Novemba; na Arvo Tuomela, msimamizi wa yadi hiyo, aliyesimama dirishani na kikombe chake cha kahawa. Pruitt aliweka karatasi mbili mezani.

"Hii ni fomu ya ukaguzi. Jumamosi, tarehe sita Januari, saa nne na robo asubuhi. 'Injini imekwama.' Jina: Lempi Saarela. Hii ya pili ni barua ya kujiuzulu. Tia sahihi, uondoke na pensheni yako. Ukikataa, twende mahakamani, na pensheni uisahau."

"Ng'o!" Lempi aliisukuma barua ikaanguka sakafuni. "Fomu inajazwa kwenye kompyuta ya hapa yadini, na neno langu la siri limebandikwa juu ya sanduku la spana tangu mwaka juzi. Hata paka wa yadi analijua."

"Jumamosi hiyo ulikuwa wapi?" aliuliza Bolduc.

"Nyumbani, kwenye sauna."

"Na nani?"

"Na jasho langu. Sasa na mimi niulize. Jumamosi geti limefungwa. Funguo ni ngapi?"

"Mbili," alijibu Arvo toka dirishani. "Wa meneja na wangu. Mafundi hawapewi."

Lempi alimgeukia Pruitt. Tangu Novemba mtu huyu alikuwa akiuza kila chenye magurudumu, na kusema kweli, Lempi alitamani sana awe yeye.

"Basi ni wewe, bosi."

"Mimi?" Pruitt aliiva uso. Alifungua tangazo kwenye kompyuta. "Mimi nilibonyeza kuidhinisha tu! Picha na maelezo nilivikuta tayari, vya Jumamosi hiyo hiyo. Tazama mwenyewe. Greda liko uani, theluji, ukuta... Na huu waya wa njano unaotoka puani ni wa nini? Ni sehemu yake?"

Lempi aliinamia picha. Kule kwao, kila mwenye injini huichomeka kwenye umeme anapoiegesha, ili kipasha-moto cha injini kifanye kazi usiku kucha, la sivyo asubuhi oili imelala kama uji wa jana. Mtu asiyeujua waya ule hawezi kuwa ndiye aliyeuchomeka. Na funguo zilikuwa mbili tu. Na Arvo wamekunywa kahawa benchi moja miaka yote hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Arvo, mzee wangu," alisema taratibu, "hebu nisaidie. Jumamosi ile baridi ilikuwaje?"

"Ishirini chini ya sifuri."

"Baridi kama hiyo huwa mnachomeka mashine zipi?"

"Zote zinazofanya kazi."

"Na iliyokufa, huwa unaichomeka?"

Arvo alicheka. "Lo! Nani atapoteza umeme kwa mzoga?"

Lempi aliigeuza kompyuta. "Basi huu mzoga unapashwa moto wa nini? Na tazama chini. Alama za matairi yake zinatoka bandani hadi hapo uani, na hakuna alama za gari lililolivuta. Limekuja lenyewe."

Arvo alikiweka kikombe chini. Aliisogelea picha.

"Mkono," alisema. "Nililitoa bandani nipate mwanga wa picha. Nikaegesha, mkono ukachomeka wenyewe. Miaka arobaini, afande. Hata sikumbuki."

"Kettler alikulipa nini?" aliuliza Bolduc.

"Usukani." Arvo alimnyooshea Pruitt kidole. "Huyu bwana ananistaafisha mwezi wa nne. Nikae dirishani nitazame theluji ikisukumwa na wengine? Lile greda nimeliendesha miaka kumi na nne. Lingetangazwa kwa uzima wake, matajiri wa Wisconsin wangelichukua. Duane alisema akilipata, naliendesha mimi mpaka nife."

"Na jina langu?" Lempi aliuliza.

"Nilijua watakukaripia tu. Nani amfukuze Lempi?" Machozi yalimlengalenga. "Sema ulikosea ukaguzi. Neno moja tu, na greda nitalirudisha. Kwa kahawa tuliyokunywa."

Lempi naye alikuwa analia, kwa hasira, na hakujificha.

"Leo umesimama hapo na kikombe chako, naletewa karatasi ya kunifukuza, ukanyamaza! Ungesema neno moja wakati ule, Arvo, ningekubebea nusu. Sasa beba yote."

Afande Bolduc alimshika mkono mzee, wakatoka. Pruitt aliinama, akaiokota barua sakafuni, akaichana vipande vinne. Alikohoa.

"Bi Saarela, samahani sana. Unaweza kurudi kazini."

"Kurudi?" Lempi alisema, akivaa glavu zake. "Kwani nani aliondoka?"