Chumba Kisicho na Mlango

Mara ya kwanza Rula alidhani ni umeme. Alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula, laptopu mbele yake, akichora ramani ya nyumba mpya ya mama yake. Alipofika kwenye ukuta wa chumba cha nyuma akauchagua, akabonyeza kitufe cha kufuta, na skrini nzima ikageuka bluu. Maneno meupe yakaomba radhi kwamba kuna tatizo na mashine itajiwasha upya. Ikajiwasha. Akaifungua ramani, akakuta kila kitu kiko salama isipokuwa ukuta ule. Haukuwa umefutika, na mahali alipokuwa amechora mlango hapakuwa na mlango tena.

"Nimesahau kuhifadhi," alijisemea, akachora upya.

Jina la Rula alipewa shuleni kwa tabia yake ya kupima kila kitu, na alipokua akalifanya kuwa kazi, akawa mchoraji wa ramani za majengo. Safari hii mteja alikuwa mama yake mzazi. Mvua zilikuwa zimeipasua nyumba yao, sebuleni kukawa na ufa unaoingiza mkono, na matofali ya kujengea mpya yalishapangwa uani. Mama alikubali kila kitu ila kimoja.

"Chumba cha nyuma kiacheni kilivyo."

"Mama, ni stoo ambayo ufunguo wake ulipotea kabla sijaota meno. Jua la asubuhi linatokea upande ule. Nataka ndicho kiwe chumba chako cha kulala."

"Mimi na jua wapi na wapi," Mama akasema kwa sauti ya chini, akaondoka. Sauti yake ilikuwa ya chini siku zote. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupaza sauti jua likishaanza kushuka, na Rula hakuwahi kuuliza sababu. Watoto huzoea walichokikuta.

Mashine ilizimika tena, na tena, kila alipougusa ukuta ule. Akaipeleka kwa Bisibisi, fundi wa kompyuta aliyesoma naye, mwenye kibanda cha vioo kati ya kinyozi na duka la viatu.

"Mgonjwa ana nini?" Bisibisi aliuliza.

"Anazimia. Uso unakuwa bluu, halafu anaamka mwenyewe."

"Hao ndio wagonjwa wangu. Mwache alazwe."

Bisibisi alimhudumia mgonjwa kwa moyo wote. Alifungua kifuniko cha chini, akapuliza vumbi kwenye feni, akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, akayasugua meno yake kwa ufutio wa penseli kama mafundi wafanyavyo, akairudisha, akaipima siku nzima bila kuona kosa. Diski nayo ilikuwa nzima. Akabadilisha programu ya kadi ya picha, ikawa vilevile. Mwishowe akapiga Windows upya. Rula alipoifuata, aliifungua ramani palepale kaunta, akaufuta ukuta wa chumba cha nyuma, na mashine ikatii.

"Amepona," Bisibisi akasema. "Nenda naye."

Nyumbani, ramani ilipofunguka, ukuta ulikuwa umerudi. Akabonyeza kufuta. Bluu. Halafu akasikia baridi ikimtambaa mgongoni, na kabla ya kulala homa ilikuwa imempanda.

Kesho yake alasiri, baada ya Rula kumpigia simu, Bisibisi alikuja mwenyewe, mvua ikinyesha, mkoba begani. Hakupenda kazi yake irudishwe kwake kwa malalamiko. Alipima soketi ya ukutani, umeme ulikuwa sawa. Akachomoa chaja, akatumia betri peke yake. Bluu. Akanakili ramani kwenye flashi, akaifungua kwenye laptopu yake mwenyewe, mashine mpya ambayo haikuwahi kumsumbua.

"Sasa tuone," akasema, akabonyeza kufuta.

Laptopu yake ikageuka bluu.

Bisibisi akasogea karibu. Aliinamia skrini. Ile asilimia ambayo hupanda mpaka ifike mia ilikuwa imefika mia, na sasa ilikuwa inashuka.

"Hii haifanyi hivi," akanong'ona. "Rula, hakuna mashine inayofanya hivi."

"Harufu gani hiyo?"

Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, nzito, yenye unyevu, nayo haikutoka nje kwenye mvua bali kwenye matundu ya feni, na feni yenyewe ilikuwa imeacha kuvuma ikawa inavuta na kutoa, inavuta na kutoa, polepole kama kifua cha mtu aliyelala, na Bisibisi alipoigeuza laptopu na kuichomoa betri akabaki ameishika mkononi, skrini haikuzimika, ila ndani ya ule ubluu mstari mweupe ulianza kujichora, ukapinda kona, ukapinda tena, mpaka ukafunga chumba kisicho na mlango wala dirisha, na katikati ya chumba hicho pakawa na kitu cheusi kimesimama, na kitu hicho kilikuwa kinapumua pamoja na feni.

Kutoka chumba cha nyuma ukagongwa ukuta, taratibu, kama mtu anayeomba kupita.

"Mwacheni," Mama akasema. Alikuwa amesimama kwenye korido, khanga imemteleza begani. "Mkimgusa anakasirika."

"Nani, Mama?"

Mama akavuta kiti, akaketi. Akawaeleza kwa sauti ileile ya chini. Rula alipokuwa mchanga alishikwa na homa isiyosikia dawa. Akaletwa mganga, naye akasema kiwanja hiki kina mwenyewe, jini aliyekuwapo kabla ya msingi wa kwanza, na ametaka mtoto. Mganga akapatana na jini: apewe chumba badala ya mtoto, afungiwe, asisumbuliwe kwa kelele, na Mama asilale nje ya nyumba hata usiku mmoja. Homa ikashuka siku ileile.

"Ndiyo maana hukwenda kumzika Bibi," Rula akasema.

"Watu walisema nina roho ya jiwe. Nikanyamaza. Ningewaambia nini?"

Rula alitaka kujibu, lakini meno yalikuwa yanagongana. Bisibisi akamgusa paji la uso, akaondoa mkono upesi. "Mama, anaungua."

Hapo ndipo laptopu iliposema. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye udongo mdomoni, na haikuwa na haraka.

"Chumba changu. Au mtoto wangu."

Bisibisi alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Mama hakuinuka. Alikitazama kitu kile ndani ya bluu, na uso wake, uliozoea kuinama, ukanyooka.

"Mtoto wako?" akauliza. Sauti yake ilipanda, kwa mara ya kwanza Rula kuisikia hivyo. "Ulimlea wewe? Mimi nilikupa chumba. Nikakupa na usingizi wangu, na safari zangu, na maziko ya mama yangu. Mtoto sikukupa, na leo hata chumba nakinyang'anya."

"Mama, usimjibu hivyo," Bisibisi alinong'ona.

"Nimemnong'onea vya kutosha. Nionyeshe, kufuta ni wapi?"

Bisibisi akairudisha betri, mashine ikajiwasha upya, ramani ikafunguka. Akamwonyesha kitufe. Mama, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akakibonyeza kwa kidole gumba kama anayeua kunguni. Bluu. Wakasubiri, ramani ikarudi, akabonyeza. Bluu. Akabonyeza tena. Kila safari kitu kile cheusi kilikuwa kimesogea karibu zaidi na kioo, na Rula kitini alikuwa analegea.

"Sawa," Mama akasema. "Humu kwenye karatasi za umeme unanishinda. Lakini nyumba yako si hii hapa?"

Akatoka uani kwenye mvua. Aliporudi alikuwa na nyundo kubwa ya mafundi ujenzi, anaiburuta sakafuni, na Bisibisi alipoona Mama haiwezi peke yake, woga ukamtoka ukaacha aibu, akaishika naye mpini. Wakaupiga mlango wa chumba cha nyuma. Pigo la kwanza, taa zikazimika. Lililofuata, kitasa kikaruka, mlango ukaanguka ndani.

Chumba hakikuwa na vumbi. Hakikuwa na utando wa buibui hata mmoja. Sakafu ilikuwa imepigwa laini kama mahali panapofagiliwa kila siku, na ukutani, karibu na kona, kulikuwa na mikwaruzo midogo ya ukucha, mmoja juu ya mwingine, kama wazazi wanavyopima urefu wa mtoto anayekua. Wa chini kabisa ulikuwa wa kitoto cha kutambaa. Wa juu kabisa ulikuwa sawasawa na kichwa cha Rula alivyo sasa, na ulikuwa bado mbichi.

Mama alipoiona mikwaruzo ile alitoa mlio ambao Bisibisi alisema baadaye hajawahi kuusikia kwa binadamu. Akainua nyundo peke yake. Alianzia juu. Akauvunja ule mbichi, akashuka kwenye uliofuata, na kila pigo alisema, "Huyu ni wangu. Na huyu wangu. Na huyu." Matofali yakamong'onyoka, ukuta wa nje ukatoboka, na mwanga wa alasiri wenye mvua ukaingia chumbani. Kitu kikapita kati yao, baridi, chenye harufu ya kaburi, kikijikunja kwa hasira, kikatokea tunduni. Uani rundo la matofali likaporomoka lote kwa mkupuo. Halafu ikabaki mvua tu.

Sebuleni Rula alikuwa amekaa wima, jasho linamchuruzika, macho yamefunguka.

"Nina kiu," akasema.

Laptopu ilikuwa imejiwasha. Mama akamwita Bisibisi, akabonyeza kitufe mwenyewe, na ukuta wa chumba cha nyuma ukatoweka kwenye ramani bila ubishi.

Wiki hiyo hiyo Mama alifunga mkoba, akapanda basi kwenda kwa mdogo wake, karibu na makaburi ya kwao. Kesho yake asubuhi Mama Mdogo alimpigia Rula simu.

"Jana tulikwenda kaburini. Alilia, akang'oa magugu yote, akarudi akala, akalala. Sasa jua limepanda na bado hajaamka. Anakoroma kama trekta. Nimwamshe?"

"Mwache," Rula akasema. "Alale mpaka achoke mwenyewe."