Ciakuthii Anatafuta Mwalimu wa Reiki

Asubuhi za Timau zina baridi. Kuna jogoo mmoja aliwika alfajiri, sauti yake ikaganda hewani, ikasikika saa nne jua lilipoiyeyusha. Anayebisha hajawahi kulala Timau.

Ciakuthii huamka kabla ya jogoo huyo. Anakamua ng'ombe. Anapika chai. Anavaa gambuti, anaenda shamba la maua. Huko husimama kutwa nzima akifunga maua ya waridi. Amefanya hivyo miaka kumi na mitatu. Maua aliyofunga, yakipangwa moja moja, yatafika Embu, yanywe chai, yarudi.

Mumewe, Kiunga, ni dereva wa trekta katika shamba la ngano. Ana presha. Daktari alimpa vidonge, kimoja kila asubuhi. Lakini usiku hapati usingizi mzuri. Anageuka huku, anageuka kule, na blanketi linamfuata.

"Mama Murungi," humwambia mkewe, "leo nimechoka mpaka nimechoka kuchoka."

"Basi tuko wawili, Baba Murungi."

Siku moja mwenzake kazini alimwambia Ciakuthii habari za Reiki. Reiki ilitoka Japani. Mtu anakaa au analala, akiwa amevaa nguo zake. Mwingine anamwekea mikono taratibu, kichwani, mabegani, tumboni. Hamsugui, hampi dawa. Watu wengi husema inawatuliza.

"Ningejua hiyo," Ciakuthii aliwaza, "Kiunga angelala."

Likizo yake ilikuwa ya wiki mbili. Angeweza kuzitumia kulala. Badala yake alishika simu akatafuta darasa.

Alipata tangazo lenye picha ya mtu mwenye joho. Jina lake lilikuwa Mwalimu Mkuu wa Nuru. Tangazo lilisema: "Ngazi zote tatu za Reiki kwa jioni moja! Cheti chenye muhuri wa dhahabu!"

Ciakuthii alipenda huo muhuri. Tayari aliuona ukining'inia sebuleni, juu ya redio. Akajiandikisha.

Nyumbani kwake netiweki hupatikana mahali pamoja tu, juu ya jukwaa la tangi la maji. Saa kumi na moja jioni akapanda ngazi, akakaa kando ya tangi, simu ikiwa kwenye spika.

"Funga macho," Mwalimu Mkuu alisema. "Sasa nakutumia nguvu. Pokea!"

Simu ikanyamaza. Netiweki ilikuwa imeondoka. Iliporudi, mwalimu alikuwa anamaliza.

"Hongera! Sasa wewe pia ni mwalimu."

"Lakini sikusikia ile sehemu ya katikati."

"Nguvu haihitaji netiweki, mama."

Kiunga alikuwa chini, ameshika ngazi. "Kama haihitaji netiweki," akauliza, "mbona umepanda huko juu?"

Mwalimu Mkuu hakusikia. Alikuwa na neno la mwisho. "Mgonjwa wako aache vidonge. Vidonge vinafunga njia ya nguvu."

Kiunga hakubishana na hilo. Alikuwa amechoka kumeza. Ciakuthii akaweka vidonge juu ya kabati. Kila jioni akamwekea mumewe mikono kichwani. Mara nyingine alisinzia yeye kwanza.

Siku ya sita Kiunga alikuwa analima. Mistari ya trekta ilianza kuyumba. Akasimamisha injini, akashuka, akakaa chini ghafla kama gunia lililokatwa kamba. Wenzake wakamleta nyumbani.

Ciakuthii alikimbia kwa jirani yake, Beverlyne. Beverlyne ni mhudumu wa afya ya jamii. Huzunguka kijijini na mfuko mgongoni, na ndani ya mfuko ana mashine ya kupima presha. Alifunga kitambaa cha mashine kwenye mkono wa Kiunga. Akapima mara mbili. Uso wake ukabadilika.

"Baba Murungi, leo umemeza dawa?"

Kiunga akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kabati.

"Presha iko juu sana. Twende zahanati sasa hivi. Chai mtakunywa baadaye."

Zahanati walimtibu, wakamrudisha kwenye vidonge vyake. Daktari alisema, "Umeponea chupuchupu. Dawa ya presha haiachwi mpaka daktari aseme."

Jioni Kiunga alilala. Ciakuthii na Beverlyne walikaa jikoni. Ciakuthii alikuwa anamenya viazi, akimenya zaidi ya walivyohitaji.

"Nilitaka apumzike," alisema. "Karibu nimpumzishe kabisa."

"Huyo mwalimu ulimjulia wapi?"

"Kwa tangazo."

"Ulimwuliza nani alimfundisha?"

"La."

"Uliongea na mtu aliyewahi kusoma kwake?"

"La. Beverlyne, usinipime presha na mimi."

Beverlyne akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mama Murungi, huyu ng'ombe wenu mlimnunua vipi?"

Ciakuthii akainua kichwa. Mambo ya ng'ombe aliyajua. "Nilimwambia mwenye ng'ombe nitakuja Jumatano. Nikaenda Jumanne bila kumwambia. Kuna watu wanaacha kukamua siku nzima ili kiwele kijae, mnunuzi adanganyike. Nikamkamua jioni kwa mikono yangu. Nikalala kwa shangazi. Asubuhi nikamkamua tena. Nikauliza majirani kama anapiga teke. Ndipo nikamchukua."

"Ng'ombe ulimkamua mara mbili," Beverlyne akasema. "Mwalimu wa kumgusa mume wako hukumjaribu hata mara moja."

Ciakuthii akaweka kisu chini.

"Hiyo Reiki ni uongo, basi?"

"Huwatuliza watu wengi. Hakuna aliyethibitisha kwamba inaponya ugonjwa. Ukitaka kujifunza, jifunze. Lakini anayekwambia uache dawa, huyo mkimbie. Tena uende mbio. Mimi namjua mama mmoja anayeifundisha Embu, mtaa wa Majimbo. Anaitwa Latifah. Mpigie simu, halafu fanya kama ulivyofanya kwa ng'ombe."

Ciakuthii alimpigia simu Latifah. Wakakubaliana aende Alhamisi.

Alifika Jumatano.

Darasa la Latifah lilikuwa nyuma ya bucha ya mumewe, Nurudin. Nurudin alikuwa mbele, anakata mifupa kwa shoka. Alimwona mgeni anasitasita mlangoni.

"Pita, dada," akasema. "Huko nyuma hawakati mtu."

Ndani walikuwa wanafunzi wanne tu. Mmoja alikuwa amemwekea mwenzake mikono mabegani.

"Toa mikono," Latifah alimwambia. "Umemwuliza?"

"Niulize nini, mwalimu?"

"Kama anakubali umguse. Mwili ni wake. Uliza kwanza, kila siku, hata kama ni mume uliyeishi naye miaka thelathini."

Ciakuthii alisimama nyuma, akatazama. Latifah alizunguka kwa kila mwanafunzi, akirekebisha mkono huu, akishusha bega lile. Hakukuwa na joho. Kulikuwa na harufu ya nyama na sabuni.

Walipomaliza, Latifah akamgeukia. "Wewe ni mama wa Timau. Nilikutarajia kesho."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

Latifah akacheka mpaka shoka la mbele likanyamaza. "Mashallah. Haya, uliza unachotaka."

Ciakuthii akauliza. Nani alikufundisha? Latifah akamtajia mwalimu wake, na akampa nambari yake ya simu. Umefanya miaka mingapi? Tisa. Ukinifundisha na nikakwama, nitamwuliza nani? Mimi, nipigie. Je, hii ni dini?

"Mimi naswali mara tano kwa siku," Latifah akasema. "Huyo pale anaimba kwaya kanisani. Hapa hatubadilishi dini ya mtu. Ukiona moyo wako unakataa, rudi nyumbani, hatutagombana."

"Naweza kumaliza ngazi zote wiki hii?"

"Huwezi. Ngazi ya kwanza ni siku mbili, kisha unafanya mazoezi miezi kadhaa. Ukiwa tayari kwa ya pili, utarudi."

"Na itaponya presha?"

"Haiponyi. Presha ina dawa zake na daktari wake. Kwa Reiki, mwingine anatulia, mwingine anasinzia, mwingine hasikii chochote, ananidai muda wake."

Lilibaki jaribio la mwisho. "Niwekee mikono mimi kwanza," Ciakuthii akasema. "Nione."

Akaketi. Latifah akauliza kama anakubali, akamwekea mikono mabegani. Ciakuthii alikusudia kuchunguza kila kitu. Alikumbuka tu sauti ya shoka, tak, tak. Alipofungua macho Nurudin alikuwa anafunga bucha.

Usiku huo alilala kwa binamu yake. Asubuhi alimpigia simu mwanafunzi mmoja wa zamani, kisha mwalimu wa Latifah. Kote aliridhika. Ndipo akajiandikisha.

Mwisho wa siku ya pili, Latifah alimwambia, "Wiki tatu za kwanza, jiwekee mikono mwenyewe. Dakika ishirini kila siku, umekaa."

"Mwenyewe? Mimi si mgonjwa."

"Wewe umechoka, mama. Ulisinzia kabla sijafika kwenye bega la pili."

Hakuna aliyewahi kumwambia Ciakuthii akae dakika ishirini. Alirudi Timau na cheti kidogo kisicho na dhahabu.

Mwezi ulipita. Sasa kila jioni, kabla ya kumgusa Kiunga, anamwuliza mambo mawili. "Umemeza dawa?" Kisha, "Unakubali?" Kiunga akisema bado hajameza, mikono haipandi.

Beverlyne alikuja na mashine yake. Presha ilikuwa imeshuka.

"Ni mikono yangu!" Ciakuthii akasema.

"Ni vidonge," Beverlyne akasema.

"Na mikono je?" Kiunga akauliza. "Siku hizi nalala mpaka jogoo anaona aibu kuniamsha."

"Mikono iendelee. Na vidonge viendelee."

Jumamosi moja jioni Ciakuthii alirudi kutoka kwenye maua, akaketi, akaweka mikono tumboni. Zizini ng'ombe akalia. Ciakuthii akaanza kuinuka.

"Kaa," Kiunga akasema. "Dakika zako hazijaisha."

Akachukua ndoo, akaenda kukamua mwenyewe. Ng'ombe aliona mgeni, akatoa nusu. Hata hiyo nusu aliitoa kwa kununa.

Kiunga aliporudi, mkewe alikuwa anasinzia kitini, gambuti bado miguuni. Akapiga magoti mbele yake. Hakumgusa kwanza, kwa maana nyumba hiyo sasa ina sheria.

"Mama Murungi, nikuvue gambuti?"

"Vua," akasema, bila kufungua macho.