Mvumo Uliovunjiwa Nyumba

Walimwita Fundi Mkasi kwa jinsi alivyokata video za watu bila huruma, lakini sifa yake kubwa ilikuwa kufuta kelele. Feni, jenereta, upepo kwenye kipaza sauti, vyote alivimudu. Basi alipoletewa video ya harusi iliyopigwa ndani ya nyumba kuukuu, akasikia mvumo mwembamba chini ya nasaha za baba wa bibi harusi, hakushtuka. Alishangaa tu kwamba mvumo ulinyamaza kila mara mzee huyo alipomtaja Mungu, kisha ukarudi.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachagua kipande ambacho hakuna anayesema, kompyuta inaisoma ile kelele tupu, halafu inaing'oa kila ilipo. Akaing'oa. Kwa kujiamini kwake akahifadhi juu ya faili ya asili, nakala pekee iliyokuwapo, kosa ambalo kila siku aliwakanya wanafunzi wake. Mganga hajigangi.

Papo hapo chumba kikanuka udongo mbichi. Binti yake mdogo, aliyekuwa sakafuni akimwimbia mwanasesere, akakatika sauti katikati ya wimbo. Akafungua mdomo amwite baba yake, ukatoka mvumo.

Hospitali walisema koo ni zima. Mtoto akaacha kula, kwa kuwa kila alipomeza mvumo ulipanda, na alipolala ulihamia kwenye kuta, kwenye mabomba, ndani ya mto wa mama yake, hata maskini mama akawa anazunguka nyumba ameziba masikio, akimsihi mumewe arudishe alichokitoa, arudishe, naye mume amekesha akiitafuta faili ambayo alijua fika kwamba haipo.

Wakamwita mganga, mama mmoja mkimya. Aliweka kiganja kwenye koo la mtoto, akakiondoa haraka.

"Jini hili halikuwafuata," akanong'ona. "Wewe ndiye umelivunjia nyumba. Lirudishe kwenye ile sauti."

"Sina tena ile sauti, mama. Nimeifuta mwenyewe."

"Basi litakaa hapa, na mtoto hatavuka wiki hii. Labda lipate koo jingine, la mtu aliyeridhia."

Mama mtu akasimama, akasema yuko tayari. Fundi akamshika mkono, akamketisha. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akamwekea mwanawe kipaza sauti mdomoni, akavaa hedifoni, akafungua sauti yote, akasema, "Njoo kwangu, nimekukubali," na mvumo ukamwingia masikioni, ukashuka taratibu, mzito, wenye harufu ya udongo, ukapita nyuma ya ulimi, ukajikunja kooni na kutulia kama mtu aliyefika kwake.

Mtoto akakohoa.

"Baba?"

Mama yake akaangua kilio cha furaha. Fundi akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Baba, mbona huniitikii?" mtoto akauliza, akampandia mapajani, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja.